"Nilikuwa Mchanga, Lakini Nakumbuka": Majibu kwa Madai ya Kigongo

Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025, Kigongo ilipata njia na ikaagana na foleni. Kilomita 3 za daraja juu ya Ghuba ya Mwanza, kutoka Kigongo wilayani Misungwi hadi Busisi wilayani Sengerema, sasa zinamalizwa kwa dakika chache. Wakati wa feri ulikuwa ukipoteza saa nzima, na siku mbaya zaidi ya hapo, ukihesabu na kusubiri. Na kitu kikishaondoka ndipo kila mtu anakuwa na habari zake. Panda basi la Geita au la Bukoba, na likianza kukanyaga daraja tu utasikia sauti kutoka viti vya nyuma: "Hapa mimi nimevuka tangu nikiwa mchanga. Nakumbuka vizuri kabisa."

Sina ugomvi na hadithi za feri. Nazipenda. Ugomvi wangu ni na madai yanayopenyezwa ndani yake kuhusu namna kumbukumbu inavyofanya kazi. Nimeyasikia kwenye mabasi, misibani na vijiweni, yakisemwa na watu wenye akili zao timamu. Mengine hayana madhara. Mengine yanaweza kumfunga mtu jela. Nayajibu moja baada ya jingine, na lile linalouma zaidi nitalipa nafasi yake.

"Nilikuwa na mwaka mmoja, lakini namwona bibi amenibeba mgongoni kwenye feri kama jana."

Hapana. Utafiti kuhusu kumbukumbu za mwanzo kabisa maishani una zaidi ya miaka 100. Victor na Catherine Henri waliwauliza watu kwa dodoso miaka ya 1890. Sigmund Freud akalizungumzia jambo hilo mwaka 1905, na baada yake wakafuata watafiti wengi. Jibu limekuwa likirudi palepale: kwa wastani kumbukumbu ya kwanza ya mtu mzima ni ya umri wa miaka mitatu hadi mitatu na nusu. Ya kabla ya miaka miwili ni nadra mno, na ya mwaka mmoja haina ushahidi unaosimama.

Wanaodai hivyo, hata hivyo, ni wengi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza walichapisha majibu ya watu 6,641 walioulizwa kumbukumbu yao ya kwanza. Karibu asilimia 39 walitaja kitu cha umri wa miaka miwili au chini yake, na watu 893 walitaja cha mwaka mmoja au chini. Watafiti hawakuwaita waongo. Walisema kwamba picha hizo za kichwani zimeungwa kwa vipande: picha ya albamu, maneno ya shangazi, kitu kilichoonekana miaka mingi baadaye, vyote vikashikana hadi mwenyewe akaamini alikuwepo na anakumbuka.

Basi mrudie huyo mtu wa bibi na feri umwulize swali dogo: unamwona bibi kutoka wapi? Akisema anamwona bibi mzima, na kitenge, na kichwa cha mtoto kikichungulia begani, mwambie atafakari. Mtoto aliye mgongoni haoni hayo. Anaona shingo, sikio, ukingo wa kitenge, na jasho. Ni kweli kwamba hata kumbukumbu halali, ikizeeka, hugeuka mtu akajiona kama anavyoonwa na wengine, kwa hiyo swali hili peke yake halimalizi kesi. Lakini ukiongeza kwamba bibi huyo huyo alimvusha mara nyingi hadi alipokuwa na miaka sita, na kwamba safari zote zilifanana (abiria kushuka kwenye basi, kuingia feri kwa miguu, honi, harufu ya dizeli), unaona ilivyo rahisi safari ya mwaka wa sita kupachikwa umri wa mwaka wa kwanza.

Zipo kumbukumbu za mapema zinazoaminika, nazo zina alama yake. Mwaka 1993 JoNell Usher na Ulric Neisser walionyesha kwamba kuzaliwa kwa mdogo wako, au kulazwa hospitali, kunaweza kukumbukwa hata kama ulikuwa na miaka miwili, kwa sababu tukio lenyewe lina tarehe na ndugu wanaweza kulithibitisha. Kwa hiyo ukitaka kupima kumbukumbu yako ya Kigongo, anza na maswali ya aina hiyo. Mdogo wako alikuwa amezaliwa? Ilikuwa feri ipi? Baba alikuwa bado kazini Sengerema? Kama huna hata jibu moja, ulichonacho ni picha isiyo na tarehe.

"Mtoto mdogo hajui kitu. Hakumbuki chochote."

Hapa watu hukimbilia upande wa pili, nao wanakosea vilevile. Carolyn Rovee-Collier wa Marekani alifunga utepe kwenye mguu wa mtoto mchanga na kuuunganisha na vitu vya kuchezea vilivyoning'inia juu ya kitanda. Mtoto akirusha mguu, vinacheza. Mtoto wa miezi mitatu alilikumbuka fundisho hilo kwa takriban wiki moja, wa miezi sita kwa wiki mbili. Kwa jaribio lingine linalolingana na hilo, watoto wa mwaka mmoja na nusu walikumbuka kwa miezi mitatu hivi. Machi 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa ushahidi mwingine, mgumu zaidi kuupata: waliwapiga picha za ubongo watoto 26 wa kati ya miezi 4 na 25 wakiwa macho, wakitazama picha. Waliona sehemu inayoitwa hipokampasi, ambayo ndiyo mlango wa kumbukumbu za matukio, ikifanya kazi ya kuandika, na zaidi kwa waliovuka miezi 12.

Kumbe mtoto wa mwaka mmoja anaandika. Shida ni kwamba baadaye hausomi tena mwandiko wake. Kwa nini? Maelezo ni zaidi ya moja, na mimi naona yote yana mchango. Paul Frankland na Sheena Josselyn wa Toronto walionyesha mwaka 2014 kwamba katika ubongo mchanga hipokampasi huzalisha seli mpya kwa kasi kubwa, na seli hizo zikijipanga huvuruga miunganisho iliyokuwepo. Panya, ambao huzaliwa wakiwa bado hawajakomaa, husahau haraka. Simbilisi, ambao huzaliwa wamekwisha komaa, hawasahau hivyo. Halafu kuna lugha. Gabrielle Simcock na Harlene Hayne wa New Zealand waliwaonyesha watoto wa miaka miwili na mitatu mashine ya mchezo iliyokuwa "ikipunguza" ukubwa wa vitu. Mwaka mmoja baadaye watoto waliitambua mashine, lakini walipoulizwa waeleze, walitumia maneno waliyokuwa nayo siku ile tu. Maneno waliyojifunza baadaye hayakurudi nyuma kulisimulia tukio la zamani.

Na kusahau kwenyewe hakutokei siku moja. Patricia Bauer na Marina Larkina waliwafuatilia watoto waliozungumza na mama zao kuhusu matukio wakiwa na miaka mitatu. Walipofika miaka mitano, sita hata saba, walikuwa bado wanakumbuka kati ya asilimia 63 na 72 ya matukio hayo. Walipofika minane na tisa, ilibaki asilimia 35 hivi. Mtoto wa miaka sita wa Busisi anayekusimulia jinsi mbuzi alivyodondoka kutoka kwenye feri alipokuwa na miaka mitatu huenda anasema kweli tupu. Miaka mitatu baadaye ndipo huenda hatakuwa na kumbukumbu hiyo tena.

Hili si la kufurahisha barazani tu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kifungu cha 127 baada ya marekebisho ya 2016, inamruhusu mtoto wa umri mdogo kutoa ushahidi bila kiapo, alimradi aahidi mahakama kusema kweli na si uongo. Ni sheria yenye busara. Anayempuuza mtoto kwa kusema "hajui kitu" anampa nafasi mtu aliyemdhuru. Ila ahadi ya kusema kweli haimlindi mtoto na maswali mabaya. Ukimwuliza "ilikuwaje?" utapata kumbukumbu yake. Ukimwuliza "ni mjomba aliyekupiga, siyo?" mara tatu, wiki nzima, utapata kumbukumbu yako wewe mwuliza swali.

"Tukio kubwa halifutiki. MV Bukoba nakumbuka kila kitu."

Hili ndilo nililosema linauma. MV Bukoba ilizama asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilipinduka ikaelea kifudifudi, na ndani walikuwamo watu hai. Waokoaji walipotoboa chuma ili wawatoe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli juu ya maji ikatoka, nayo ikazama. Walikufa mamia ya watu. Wengi wamezikwa Igoma, jijini Mwanza. Katika Kanda ya Ziwa nzima ni vigumu kupata ukoo usioguswa, na Rais Benjamin Mkapa alitangaza maombolezo ya taifa ya siku tatu. Sitamwambia mtu aliyempoteza mama kwamba hakumbuki. Anakumbuka kilio, anakumbuka kusubiri, anakumbuka jirani aliyeingia uani bila kupiga hodi. Kiini cha tukio la namna hiyo hubaki.

Kinachoyumba ni yale ya pembeni, na yanayumba hata kwa mtu anayeapa. Asubuhi iliyofuata kulipuka kwa chombo cha anga cha Challenger, Januari 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi 106 wa Chuo Kikuu cha Emory namna kila mmoja alivyopata habari: wapi, nani alimwambia, alikuwa anafanya nini. Baada ya miaka miwili na nusu hivi waliwarudia 44. Robo yao walikosa kila kitu. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kwa mwandiko wao, wapo walioshikilia kwamba kumbukumbu ya sasa ndiyo sahihi. Uhakika na usahihi ni vitu viwili, na havitembei pamoja kama tunavyodhani.

Sasa rudi Kigongo. Nimewahi kumsikia kijana, kwa hesabu yake mwenyewe aliyezaliwa 1993, akisema anakumbuka MV Bukoba ikipita hapo kivukoni siku moja kabla ya ajali, watu wamejaa juu hadi wanapunga mikono. Aliisimulia kwa uchungu na wote tulinyamaza. Lakini chukua ramani. Meli ya Bukoba ilikuwa ikiingia kutoka ziwa kuu na kuishia bandari ya Mwanza, iliyo kaskazini kwenye mdomo wa ghuba. Kigongo iko kilomita 30 hivi kusini ya jiji, ndani kabisa ya mkono wa maji. Meli ile haikuwa na shughuli yoyote ya kufika huko. Alichokiona, kama alikiona, ni feri ya Busisi ikiwa imejaa, jambo la kila wiki.

Wengine wa rika lake wanasema waliiona meli imelala kifudifudi, kwenye televisheni, nyumbani. Mwaka 1996 televisheni ya taifa ilikuwa bado haijaanza Tanzania Bara, na kijijini Misungwi habari zilifika kwa Redio Tanzania Dar es Salaam na kwa midomo ya watu. Picha za meli iliyopinduka wameziona baadaye, katika kumbukizi za kila Mei, kwenye magazeti na kwenye simu. Ubongo ukazichukua picha hizo ukaziweka sebuleni kwa babu mwaka 1996. Hakuna aliyedanganya. Kila mwaka familia ililia, kila mwaka hadithi ilisimuliwa, na mtoto aliyekuwa na miaka mitatu aliisikia mara nyingi kiasi kwamba asingeweza kuibakiza kuwa ya wengine. Mtoto wa miaka minane wa mwaka ule, aliyekaa na redio, ninamsikiliza tofauti kabisa.

Halafu, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikazama karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe, ikaua watu zaidi ya 200. Nayo ilipinduka, nayo ilionekana kifudifudi, na safari hii picha zilienea nchi nzima ndani ya saa chache. Sitashangaa nikisikia mtu anazichanganya meli mbili akiwa na uhakika wa moja.

"Kumbukumbu ni kama mkanda wa video: imeshika, unacheza tu."

Huu ndio mzizi wa makosa yote yaliyotangulia. Frederic Bartlett wa Cambridge alishaukata mwaka 1932 katika kitabu chake kuhusu kukumbuka, alipoonyesha kwamba watu waliosoma hadithi ngeni huirudia wakiinyoosha ifanane na mambo wanayoyajua. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell waliwapa watu 24 hadithi nne za utoto wao, tatu za kweli kutoka kwa ndugu, moja ya kutungwa: kwamba walipokuwa na miaka mitano walipotea dukani wakalia. Takriban robo yao waliikumbuka ile ya kutungwa, nzima au sehemu. Na mwaka 2000 Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu iliyokwisha kukaa, ikiamshwa, huwa laini tena kwa muda na hubidi ihifadhiwe upya. Maana yake ni kwamba hadithi unayoisimulia kila Krismasi ndiyo iliyopata nafasi nyingi zaidi za kubadilika.

"Wazee wa Kisukuma hawakosei. Walikuwa na vichwa."

Nusu ya dai hili naikubali kwa furaha, kwa sababu Bartlett huyo huyo aliipima, si Usukumani bali kwa Waswazi, kusini mwa Afrika. Alimpata mchungaji aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja uliopita, mmoja mmoja, na rangi na bei, akikosea mambo madogo tu. Mtu wa Misungwi hatashangaa: mzee wa hapa anaweza kukutajia ukoo wa fahali vizuri kuliko anavyokumbuka siku yako ya kuzaliwa. Lakini Bartlett alipompa kijana wa huko ujumbe wa kawaida kuupeleka mbali kidogo, hakufanya vizuri wala vibaya kuliko mtoto wa Kiingereza. Hakuna kichwa cha ajabu. Kuna kitu mtu anachokiishi, anachokihesabu kila jioni zizini, na hicho ndicho hukaa. Mzee anayejua ng'ombe wote wa 1970 anaweza kukosea kabisa mwaka wa njaa. Ndiyo maana makarani wa sensa hubeba kalenda ya matukio wakitafuta umri wa mtu, na ndiyo maana majina kama Mabula na Kabula, ya waliozaliwa wakati wa mvua, ni ushahidi wenye nafuu: yalitolewa siku zile zile, hayakukumbukwa baadaye.

"Bibi anasahau kwa sababu ubongo umejaa."

Ubongo haujai. Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu ya hipokampasi zake zote mbili mwaka 1953 ili kutibu kifafa, hakuweza tena kuhifadhi tukio jipya hadi alipofariki mwaka 2008, ilhali yale ya ujana wake mengi yalibaki, na aliweza hata kujifunza ufundi mpya wa mikono bila kukumbuka kwamba amewahi kuufanya. Brenda Milner aliyemchunguza alitufundisha hapo kwamba kumbukumbu si ghala moja. Bibi anayesahau alichokula mchana huku akikumbuka harusi yake apelekwe hospitali. Haombi nafasi kichwani.

"Aliyekumbuka vibaya ni mwongo."

Hili ndilo ninalolichukia kuliko yote, kwa sababu huvunja udugu. Mwongo anajua ukweli na kuuficha. Aliyekosea kukumbuka haujui, na analia machozi ya kweli. Mahakama zetu zimelielewa hili kuliko vijiwe vyetu: Mahakama ya Rufani, katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri mwaka 1980, ilisema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko zote na usiotegemeka, na kwamba usitumike kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Majaji hawakuhitaji kumwita shahidi mwongo ili wasimfunge mtu kwa neno lake.

Kwa hiyo kijana wa 1993 nisingemwita mwongo. Ningemwambia tu asiapie.

Na sasa kizazi kingine kiko njiani. Watoto waliozaliwa Kigongo na Busisi mwaka 2023 na 2024 watakuja kusema, mwaka 2040, kwamba wanaikumbuka feri. Watakuwa wamekosea wote, au karibu wote. Wa 2021 wana nafasi, kama mtawasaidia. Utafiti wa New Zealand umeonyesha kwamba Wamaori wana kumbukumbu za mwanzo za mapema kuliko wengine, chini ya miaka mitatu kwa wastani, na watafiti wanalihusisha jambo hilo na desturi ya familia zao ya kuzungumza sana na watoto kuhusu yaliyopita. Mama na baba wa pande zote mbili za ghuba, ombi langu ni hilo. Wekeni tarehe kwenye picha zilizo katika simu zenu. Mkiwa darajani mwulizeni mtoto, "Tulikuwa tunavukaje zamani?", kisha mnyamaze, hata akianza na mbuzi. Msimjazie. Mtoto aliyetimiza miaka minne mwaka daraja lilipozinduliwa anatimiza saba mwaka 2028; baada ya hapo nyingi ya kumbukumbu hizi hufutika.